Mkutano wako wa kwanza wa kuacha pombe: kutoka ng'ambo ya barabara hadi kwenye kiti

Mara ya kwanza sikuingia. Nilifika dakika 20 kabla ya muda, nikasimama ng'ambo ya barabara, nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Watu watatu waliingia kwenye lile jengo: mwanamume aliyevaa suti, mama wa makamo mwenye mkoba mkubwa, na kijana mmoja aliyekuwa anacheka. Nikajiambia hawa si walevi, bila shaka nimekosea mahali. Nikaondoka, na jioni ile nililewa kupita siku zote za wiki. Wiki iliyofuata nilirudi nikaingia. Yule mama wa mkoba ndiye aliyekuwa anapanga viti.

Haya ninayoyaandika ndiyo niliyokuwa nayahitaji nikiwa pale ng'ambo. Kubwa nalitanguliza: kwenye mkutano wa kwanza huendi kuamua maisha yako, wala kuapa kwamba hutagusa glasi mpaka unaingia kaburini. Unakwenda kuchukua vitu viwili, namba ya simu ya mtu mmoja na siku ya mkutano unaofuata. Ukitoka navyo umemaliza kazi, hata kama hukufungua mdomo.

1. Anza na mwili

Kabla ya kutafuta kikundi, jiulize: nikikaa bila pombe tangu asubuhi mpaka jioni, mwili unafanyaje? Kama unakosa raha tu, ruka uende sehemu ya pili. Lakini kama mikono inatetemeka, jasho linakutoka, moyo unakwenda mbio, unatapika, na hutulii mpaka uzimue, basi daktari anatangulia na kikundi kinafuata.

Wengi hudhani arosto ya pombe, yaani hayo yanayoupata mwili ukiikosa, ni mateso ya kujikaza tu, tena wapo wanaoona fahari kuyavumilia wakiwa wamejifungia chumbani. Kwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, kuacha ghafla kunaweza kuua. Dalili huanza kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne huweza kuingia hali mbaya zaidi: mtu anaweweseka, anaona wadudu ukutani, hajui yuko wapi, mwili unachemka na presha inapanda. Hospitalini hali hiyo huzuiwa kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi huwa wamepungukiwa nayo. Ikiwa uliwahi kupata degedege ulipoacha, una ujauzito, au una ugonjwa mwingine mkubwa, usijaribu nyumbani peke yako.

Na usiache ghafla eti ili ufike mkutanoni ukiwa msafi. Hakuna anayekudai hivyo. Watu wengi huanza kuhudhuria wakiwa bado wanakunywa, na kikundi kinalijua hilo.

Kama huna hakika tatizo lako lina ukubwa gani, Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT. Kila swali lina alama 0 hadi 4. Jumla ikifika 8, unywaji wako umeshaingia eneo la hatari; ikifika 20 na kuendelea, kuna uwezekano mkubwa wa uraibu na unahitaji kuonana na mtaalamu. Lijaze ukiwa hujanywa. Mimi nilipolijaza mara ya kwanza nilijipa alama za mtu mwingine kabisa.

Ukiwa kwa daktari, uliza pia kuhusu dawa. Naltrexone hupunguza hamu na ile raha ya pombe, acamprosate humsaidia aliyekwisha kuacha asirudi nyuma, na disulfiram humfanya mtu augue akinywa. Si kila mtu anafaa kuzitumia, kwa hiyo usiazime vidonge vya jirani. Lakini pia usimsikilize anayekwambia uchague moja, vidonge au kikundi. Vyote viwili vinakwenda pamoja bila ugomvi.

2. Jua aina za vikundi, maana havifanani

Kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Kilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Marekani. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Akiwa ugenini, dili lake likiwa limeharibika, akaona anaelekea kurudi baa. Akaanza kupiga simu kumtafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, na simu hizo zikamfikisha kwa daktari wa upasuaji aitwaye Robert Smith. Smith alikubali kumpa robo saa. Wakakaa saa kadhaa. Tarehe 10 Juni 1935, siku Smith alipokunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku AA ilipozaliwa.

Kisa hicho nimekieleza kwa sababu ndani yake mna siri ya mambo yote yanayofuata. Aliyepiga simu ndiye aliyekuwa na shida. Kwa hiyo yule mzoefu atakayekupokea mlangoni hakufanyii hisani, na usimwonee haya kumchukulia muda wake. Kukusikiliza wewe ndiyo dawa yake ya jioni hiyo.

Sharti la kuwa mwanachama wa AA ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada wala fomu ya kujaza. Wanafuata kinachoitwa Hatua Kumi na Mbili, mambo ambayo mtu huyapitia moja baada ya jingine ili aachane na pombe, na katika hizo Mungu anatajwa, kwa namna kila mtu anavyomwelewa yeye mwenyewe. AA haifungamani na dini yoyote. Utakuta Waislamu, Wakristo na wasioamini chochote wamekaa mduara mmoja. Lakini nisikufiche: vipo vikundi ambavyo sala ni nyingi kuliko ulivyotarajia. Ukikuta kimoja cha hivyo na hakikufai, jaribu kingine kabla hujaitupa AA nzima.

Wasiopenda njia hiyo wana SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994. Humo hakuna hatua wala habari za Mungu. Kuna mbinu za kupambana na hamu na mawazo zilizotokana na tiba ya saikolojia, mkutano huongozwa na mtu aliyepewa mafunzo, na watu hujibizana. Women for Sobriety, ya tangu 1975, ni ya wanawake pekee. Blue Cross ni ya zamani kuliko zote hizo: ilianzishwa Geneva mwaka 1877 na mchungaji Louis-Lucien Rochat, na ina mizizi ya Kikristo. Mbali na hizo kuna vikundi visivyo na jina kubwa, vinavyoendeshwa na hospitali, nyumba za upataji nafuu, makanisa na misikiti. Usividharau. Kikundi cha watu watano kinachokutana kila wiki bila kukosa kina faida kuliko chenye jina kinachokutana kikijisikia.

Na kama anayekunywa si wewe ila mumeo, mkeo, mzazi au mwanao, chama chako ni Al-Anon, cha tangu 1951. Usimburute mlevi wako kwenye AA huku wewe umekaa kiti cha jirani kuhakikisha anasikiliza. Nimeliona likitokea. Mzee wa watu alikaa saa nzima ameangalia viatu vyake, na hakuonekana tena.

Je, haya mambo yanasaidia kweli? Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, ulichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Walioingizwa AA kupitia programu maalumu walifanya vizuri zaidi katika kuacha kabisa: baada ya mwaka mmoja, kama watu 42 kati ya 100 walikuwa hawanywi kabisa, na kwa waliopewa tiba nyingine walikuwa 35. Hizo ni habari njema. Ila piga hesabu kwa upande wa pili pia, uone wangapi walionja ndani ya mwaka huo. Tutairudia hesabu hiyo mwishoni.

3. Tafuta, kisha hakikisha

Tovuti ya AA, aa.org, hukuelekeza kwenye ofisi za eneo ulilopo, na kuna programu ya simu iitwayo Meeting Guide inayoonyesha mikutano iliyo karibu nawe pale ambapo vikundi vimejiandikisha. SMART Recovery nao wana orodha yao. Njia nyingine, na mara nyingi ndiyo ya haraka, ni kuuliza kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali yoyote kubwa, au kwa mshauri nasaha, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Hao huwa wanajua kikundi kipi kiko hai.

Neno "hai" nimelitumia makusudi. Orodha huchakaa. Kuna siku nilisafiri umbali mrefu kufuata mkutano uliokuwa umeandikwa wazi, siku na saa, nikakuta mlango una kufuli lenye kutu. Mlinzi akaniambia watu hao walihama zamani. Kwa mtu aliyejikusanya wiki nzima ili aende, kufuli la namna hiyo linatosha kumrudisha kwenye chupa. Kwa hiyo piga simu kwanza.

Ukisoma orodha utakutana na maneno mawili. Mkutano wa wazi ni wa yeyote, hata ndugu, rafiki au mwanafunzi anayetaka kuona tu. Mkutano wa wanachama ni wa mwenye shida ya pombe peke yake. Ukitaka kwenda na mtu wa kukushika mkono, chagua wa wazi. Kuna pia mikutano ya wanawake tu, ya wanaume tu, ya vijana, na ya wageni wanaoanza.

Kama karibu nawe hakuna chochote, au unaogopa kuonekana, ingia kwenye mikutano ya mtandaoni. Ipo karibu saa zote, kwa sababu kunapokucha huku kwingine ni jioni. Weka jina moja tu kwenye skrini, tena ukague, maana simu nyingi huonyesha majina yote mawili bila kukuuliza. Kamera unaweza kuizima, maikrofoni uifunge, na uvae visikilizio kama nyumba ina watu. Ubaya wake ni mmoja: ni rahisi mno kutoka. Kidole kimoja tu na umeondoka. Uitumie kama daraja, na ukipata mkutano wa ana kwa ana uuendee.

4. Simu yenyewe

Hii ndiyo sehemu inayowashinda watu, basi nitaieleza kama inavyokuwa.

"Haloo, samahani kwa usumbufu. Namba hii nimeikuta kwenye orodha ya mikutano."

"Karibu sana. Nani mwenzangu? Jina moja linatosha."

Ukitaka taja lako, ukitaka taja la uongo. Anayepokea naye alishawahi kupiga simu ya namna hiyo, na ameshasikia watu wakikata bila kusema neno.

"Nina shida na pombe. Nataka kujua kama mkutano wa Jumatano bado upo."

"Upo, ndugu yangu. Saa kumi na mbili jioni. Umekunywa leo?"

"Kidogo."

"Hamna neno. Njoo hivyo hivyo."

Uliza mambo manne kabla ya kukata: mlango ni upi hasa, maana majengo mengi yana milango mitatu na aibu hukuzuia kuulizia ukishafika; mkutano ni wa wazi au wa wanachama; wanatumia lugha gani; na kama kuna mtu anaweza kukusubiri nje. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Mwambie umevaa nini, naye akwambie amevaa nini. Mtu akishajua kwamba anasubiriwa na mwenye shati la kijani, ni vigumu kusimama ng'ambo ya barabara akijifanya anasoma ujumbe.

5. Siku ya kwenda

Kula kabla ya kutoka. Kuna msemo wa vikundini kuhusu vitu vinne vinavyomrudisha mtu kwenye pombe: njaa, hasira, upweke na uchovu. Njaa ndiyo rahisi kuitibu, anza nayo.

Angalia njia utakayopita. Kama njia yako ya kawaida inapita mlangoni pa kijiwe chako, zunguka. Fika dakika 10 kabla. Ukifika mapema sana utapata muda wa kujishauri vibaya, na ukichelewa utaingia watu wote wakiwa wamekaa, jambo ambalo mgeni hulichukia.

Ukiwa umekunywa siku hiyo, nenda. Usiendeshe gari. Kaa nyuma, usikilize, na usichangie, kwa sababu vikundi vingi humwomba aliyekunywa siku hiyo asiongee mpaka wakati mwingine. Ukiwa umelewa chakari kiasi cha kutoweza kukaa kitini, subiri kesho. Hutasikia kitu na wenzako hawatasikilizana.

Nyumbani unaweza kusema unakokwenda au usiseme. Mimi nilisema nakwenda kikaoni, na sikuwa nimedanganya.

6. Ndani ya chumba

Chumba chenyewe huwa cha kawaida mno: ukumbi wa kuazima, viti vya plastiki vimepangwa mduara, meza yenye chupa ya chai na vikombe visivyolingana, karatasi chache za kusoma. Mkutano hudumu saa moja hadi saa moja na nusu. Keti karibu na mlango kama hilo litakutuliza.

Kitakachokushangaza ni kicheko. Nilitarajia chumba cha msiba, nikakuta watu wanasimulia jinsi walivyoficha chupa kwenye tangi la choo, na wenzao wanacheka mpaka wanafuta machozi, kwa sababu na wao walificha humo humo. Nami nilikuwa na chupa ndani ya buti la mvua. Sikucheka siku ile, lakini nililikumbuka buti langu.

Mwendesha mkutano hufungua, pengine kwa ukimya mfupi au sala, kisha watu kadhaa husoma maandishi ya kikundi. Ukipewa karatasi usome na hutaki, mpe wa pembeni, hakuna atakayeuliza. Halafu huulizwa kama kuna mgeni. Hapa moyo utadunda. Huhitaji kusimama. Unaweza kusema "Naitwa fulani, ni mara yangu ya kwanza," basi. Utawasikia wenzako wakisema "Naitwa fulani, mimi ni mlevi." Katika lugha yetu neno hilo ni zito, ni tusi la mtaani, ni jina watoto wanalomwimbia mtu barabarani. Hulazimiki kujiita hivyo. Wengine husema "nina uraibu wa pombe," wengine "pombe imenishinda." Ilinichukua miezi kulitamka, na siku nilipolitamka nilikuwa nimelivua lile tusi, limebaki jina la ugonjwa.

Kisha watu huongea mmoja mmoja, dakika tatu hadi tano kila mtu. Sheria kubwa ya AA hapa ni kutojibizana: mtu akimaliza hushukuriwa, na anayefuata huongea ya kwake. Hakuna kumshauri, kumkatiza wala kumsahihisha. Mgeni anaweza kudhani watu hawajali, kwa kuwa mtu ametoka kueleza alivyompoteza mkewe na jirani yake anasema tu "asante" na mkutano unaendelea. Ukishazoea utaona faida yake: unaweza kusema jambo baya kuliko yote uliyofanya na hakuna atakayekurupuka kukurekebisha. Zamu ikifika kwako sema "leo nasikiliza tu." Sentensi hiyo inakubalika kila mahali.

Katikati au mwishoni kikapu hupita. AA hujiendesha kwa michango ya wanachama wake na haipokei pesa za nje. Michango hiyo ni ya kodi ya ukumbi, chai na karatasi. Mgeni hatarajiwi kutoa. Mpitishie jirani. Vikundi vingi pia hutoa vishikizo vidogo mfano wa sarafu, vya chuma au plastiki, kwa aliyetimiza mwezi, miezi mitatu, mwaka. Kipo pia cha saa 24, na hicho hutolewa kwa yeyote anayetaka kuanza. Ukinyanyuka kukichukua watu watapiga makofi, na ukibaki umekaa hakuna atakayekutazama.

Mwishoni husimama, pengine wameshikana mikono, wakasema sala au maneno ya kufunga. Kusimama kimya kunatosha.

Vipi ukimkuta mtu unayemfahamu? Bosi wako, mwalimu wa mwanao, jirani? Kumbuka naye amekuja kwa sababu ile ile, na siri yake iko mikononi mwako kama yako ilivyo mikononi mwake. Msalimie kama kawaida. Mkikutana mtaani, usimwite kwa mambo ya chumba kile.

Lakini siri hiyo ni ya heshima. Haina ulinzi wa kisheria kama wa mtu na wakili wake. Kama una jambo la jinai au kesi inayoendelea, usilimwage mbele ya watu 15 usiowajua. Lipeleke kwa mwanasheria, na hisia zake uzilete kikundini.

7. Dakika kumi baada ya mkutano

Hapa ndipo wengi hukosea. Maneno ya kufunga yakiisha, mgeni hukimbilia mlango. Usikimbie. Beba viti, saidia kukusanya vikombe, simama karibu na chai. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka wenyewe. Mkutano wa kweli mara nyingi hufanyika pale, watu wawili wawili wakiwa wameegemea ukuta.

Chagua mtu mmoja ambaye maneno yake yalikugusa, wa jinsia yako kama ni mkutano mchanganyiko, umwambie: "Naomba namba yako, huenda nikakupigia." Atakupa. Kisha mpigie kesho yake ukiwa huna shida yoyote, hata kwa dakika moja, kumsalimia tu. Nasisitiza hili. Ukisubiri upige siku umezidiwa, simu itakuwa na uzito wa jiwe. Aliyepiga mara tatu bila sababu, ya nne hupiga bila kufikiri.

Yapo ya kujihadhari nayo. Anayetaka kukukopa, kukuuzia kitu au kukuingiza kwenye biashara yake, mkwepe. Anayekuchangamkia kimapenzi ungali mgeni, mkwepe haraka zaidi. Wazoefu wana jina la utani la tabia hiyo, "hatua ya 13," na hawalisemi kwa kumsifu mtu. Na akitokea wa kukwambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari, za sonona, kifafa au chochote, usimtii hata kama ana miaka 20 bila pombe. AA yenyewe huwaonya wanachama wake wasijifanye madaktari.

8. Wa pili, wa tatu, wa sita

Usihukumu kwa mkutano mmoja. Vikundi hutofautiana kama familia zinavyotofautiana. Kuna chenye watu wapole, kuna chenye mzee mmoja anayeongea kila wiki maneno yale yale, kuna kinachochelewa kuanza. Hudhuria mara sita hivi, katika vikundi viwili au vitatu, ndipo useme linakufaa au halikufai. Wapo wanaoshauri mikutano 90 kwa siku 90 za mwanzo. Ukiweza, vizuri, hasa ukiunganisha na ya mtandaoni. Ukiwa na kazi ya zamu na watoto wadogo, miwili au mitatu kwa wiki usiyoikosa ni bora kuliko 90 ya kwenye karatasi.

Ukipata kikundi kinachokukaa, kifanye nyumbani kwako na uombe kazi. Kufungua mlango, kuchemsha chai, kupanga viti. Kazi hukutoa nyumbani siku usiyotaka kutoka, maana ufunguo unao wewe.

Baadaye tafuta mlezi, ambaye wengi humwita sponsa: mtu mwenye muda mrefu zaidi yako bila pombe, atakayekupitisha kwenye hatua moja baada ya nyingine. Hupangiwi na mtu, unamwomba mwenyewe, na mkishindwana unamwacha bila kesi. Angalia anavyoishi kuliko anavyoongea mkutanoni.

9. Ukiteleza

Turudi kwenye ile hesabu. Kati ya 100, hata katika kundi lililofanya vizuri, zaidi ya nusu hawakumaliza mwaka bila kuonja. Kwa hiyo panga mapema utafanya nini siku hiyo, kama unavyojua ndoo ya maji iko wapi kabla nyumba haijashika moto.

Ukishaonja, acha hapo hapo ulipofika. Glasi moja haikulazimishi kumaliza chupa. Piga ile namba. Kama ulikunywa kwa siku kadhaa mfululizo na mwili umeanza kutetemeka, rudi sehemu ya kwanza ya mwongozo huu, kwa daktari, kabla ya kuacha ghafla. Kama sivyo, nenda mkutano wa karibu zaidi, wa siku hiyo ikiwezekana. Utashawishika kukaa nje mwezi mmoja ili urudi ukiwa na uso. Mwezi huo ndio unaogeuka mwaka.

Mwendesha mkutano akiuliza kama kuna aliye kwenye saa 24 za mwanzo, nyanyua mkono. Chukua kishikizo kingine, hata kama cha kwanza bado unacho mfukoni. Na kama umefika mapema ukakuta viti bado vimebebana ukutani, anza kuvipanga.